Mapenzi ya mtoto wa lodi na mtumishi wake: anza na upande wa mtumishi

Mkuu umeuliza, ukiandika riwaya ya mapenzi ya mtoto wa kiume wa lodi, yaani bwana mkubwa wa Kiingereza, na mtumishi wake wa kiume, Uingereza ya miaka ya 1890, ufanyeje msomaji aamini. Mi nakujibu kwa upande wa mtumishi maana ndo nilikotokea, nimefanya kazi za ndani Shangani hapa Mtwara kwa mnunuzi mmoja wa korosho, na riwaya za aina hiyo nimezisoma nyingi sana kwenye simu.

Nyingi zinakosea sehemu moja, mwandishi anahangaika na siri tu, watakamatwa hawatakamatwa. Sawa, hatari ilikuwepo, sheria ya 1885 iliyokataza mapenzi ya wanaume kwa wanaume ndo ilimfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895, miaka miwili na kazi ngumu, na Uingereza hawakuanza kulegeza mpaka 1967. Ila mtumishi ana hofu yake kabla hata ya polisi: analala kwa nani, anakula kwa nani, akifukuzwa leo anaenda wapi. Mtoto mkubwa wa bosi wangu tulilingana umri na alikuwa mtu mzuri kweli, mpira tunaangalia wote tunacheka wote, lakini yeye kwenye kochi mimi kwenye mkeka na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kaa chini, ilikuwa inajulikana tu. Akisema twende ufukweni naenda hata kama mgongo unauma, na mpaka leo sijui nilikuwa naenda kwa kupenda au kwa sababu ni mtoto wa bosi. Ule ulikuwa urafiki tu, sasa weka mapenzi hapo uone uzito wake. Huyo mtumishi wako anaweza kusema hapana? Kama hawezi, msomaji ataijuaje ndiyo yake?

Hata kesi ya Wilde, angalia walichombana nacho mahakamani: bwana msomi kama yeye anafuata nini kwa mtumishi na mtunza farasi, kwa nini anakula nao hotelini, kwa nini anawapa vikasha vya sigara vya fedha. Yaani kula meza moja kukawa ushahidi. Sisi watu wa pwani hili halitupi shida kulielewa, enzi za utumwa huku mtumwa hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu kama muungwana, na utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922, si mbali hivyo.

Halafu wapo wapenzi wa kweli wa namna hiyo, msome mwandishi Edward Carpenter. Mtoto wa familia yenye hela, msomi wa Cambridge, akaacha ukasisi akaenda kuishi kijijini Millthorpe. Mwaka 1891 akakutana na George Merrill, kijana wa mitaa ya kimaskini ya Sheffield, asiye na shule ya maana, na 1898 Merrill akahamia kwake kabisa. Marafiki wa Carpenter wengine hawakupenda, na naamini shida yao kubwa ilikuwa huyo Merrill ni mtu wa chini. Wakakaa pamoja mpaka Merrill alipofariki 1928, Carpenter akamfuata mwaka uliofuata, wamezikwa kaburi moja Guildford. Mi hawa wananigusa sana, ila ona kitu, jikoni na usafi ni Merrill. Usilifiche hilo kwenye riwaya yako, liache liume.

Kingine cha kukusaidia, mtumishi wa Uingereza wakati huo akiacha kazi alihitaji barua ya bosi inayosema tabia yake njema, na sheria haikumlazimisha bosi kuandika. Bila hiyo barua kupata nyumba nyingine ya heshima ilikuwa ngumu mno. Mimi ningeanzia hapo mkuu, kijana wa lodi anampenda kweli, anaiandika ile barua mapema, anamkabidhi, halafu anamuuliza kama bado anataka kubaki. Sura ya kwanza hiyo, busu lisubiri.