Baba mkwe wangu asema Wayahudi wamelaaniwa: je, ninyamaze?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa na ninamheshimu sana. Siku hizi anatutumia video za mwanasiasa mmoja Mkristo anayesema Wayahudi ndio wanaoendesha benki na vyombo vya habari vya dunia, kwamba walimuua Bwana wakajilaani wenyewe (Mathayo 27:25), na kwamba Biblia inawaita sinagogi la Shetani. Nilipohoji, alisema nakataa Neno. Mfanyakazi mwenzangu ni Myahudi. Mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekesha nami hospitalini. Sasa nikimwona najisikia kama namficha kitu. Nikinyamaza, natenda dhambi? Nikisema, namvunjia mzazi heshima?

JIBU: Dada yangu, asifiwe milele. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema unamficha mwenzako kitu. Dhamiri yako iko hai. Usikubali mtu akwambie kwamba hiyo ni kukosa imani.

Tuanze na Mathayo 27:25: "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu." Anayeifanya aya hii laana ya kurithi inabidi kwanza aruke sura iliyotangulia. Rudi 26:28. Bwana ameshika kikombe, anasema: "hii ndiyo damu yangu ya agano, imwagikayo kwa ajili ya wengi kwa ondoleo la dhambi." Mwandishi ni yule yule, na damu ni ile ile. Ikimwangukia mtu, inamwondolea dhambi. Tangu lini damu ya Yesu ikawa laana kwa watoto wachanga wa karne ishirini baadaye? Halafu msalabani aliomba, "Baba, uwasamehe." Anayesema laana bado ipo atuambie kama Baba alimnyima Mwanawe ombi hilo. Na katika Imani ya Mitume, mtawala tunayemtaja kuhusu mateso hayo ni Pontio Pilato, Mrumi, lakini sijapata kumsikia mtu akiwadai watu wa Roma damu hiyo. Makanisa mengi yanaposoma mateso ya Bwana kwa kugawana sehemu, sauti ya umati hupewa waumini. Sisi ndio tunaosema "Asulubiwe!" Waliopanga hivyo walijua dhambi iliyompeleka msalabani ni ya nani.

Na "sinagogi la Shetani"? Soma Ufunuo 2:9 yote: "hao wasemao ya kuwa ni Wayahudi, nao sio." Maana yake, katika aya hiyo kuitwa Myahudi ni heshima, na waliokemewa wanaambiwa hawastahili jina hilo. Aliyeandika alikuwa Myahudi mwenyewe, katika ugomvi wa mji mmoja, Smirna. Ndugu wakigombana ndani ya nyumba yao, jirani hana ruhusa ya kuokota maneno yao akayatumia kuichoma nyumba.

Nimetumia neno kuchoma kwa makusudi. Mimi ni Mlutheri, na nasema kwa uchungu: mwaka 1543 Luther aliandika kitabu akishauri masinagogi yachomwe na Wayahudi wabomolewe nyumba zao. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, 1938, masinagogi yaliwaka Ujerumani nzima, yakichomwa na Wanazi, wafuasi wa Hitler. Askofu wa Kilutheri wa Thuringia, Martin Sasse, akachapisha kijitabu akifurahi kwamba yameungua siku ya kuzaliwa Luther. Askofu! Miaka michache baadaye Wayahudi milioni 6 walikuwa wameuawa. Wala usidhani hayo ni ya kale. Oktoba 27, 2018, huko Pittsburgh, Marekani, mtu aliwaua waabudu 11 ndani ya sinagogi siku ya Sabato. Katika ukurasa wake wa intaneti alikuwa ameandika kwamba Wayahudi ni watoto wa Shetani, akaweka na aya: Yohana 8:44. Alisahau kwamba Injili hiyo hiyo, 4:22, inasema "wokovu watoka kwa Wayahudi."

Habari ya kuitawala dunia kwa siri ilienezwa sana na "Itifaki za Wazee wa Sayuni", maandishi ya kughushi yaliyochapwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kuwa sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa kilichomshambulia Napoleon III, kisichowahusu Wayahudi hata kidogo. Kuueneza uongo huo ni kumshuhudia jirani uongo. Mwanasiasa anayeupamba kwa aya anaongeza dhambi ya pili, kulitaja bure jina la Bwana.

Wapo watakaosema, "Sisi tunaikosoa serikali ya Israeli tu." Ikosoeni. Amosi na Yeremia walifanya hivyo, na machozi ya Wapalestina, ambao miongoni mwao wamo Wakristo wenzetu, Mungu anayaona. Lakini serikali ina mawaziri na majenerali, na hao ndio wa kuulizwa. Mwenzako wa kazini hakuamuru lolote. Mtu akihama kutoka matendo ya serikali akaingia kwenye damu na kabila, ameacha kukosoa.

Sasa baba mkwe. Paulo anasema, "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba." Kwa hiyo usimjibu kwenye simu mbele ya familia nzima. Nenda na mume wako, na ingefaa yeye aanze kuzungumza. Mpe baba Biblia umwombe akusomee Mathayo 26:28, kisha Warumi 11:18: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Mwache asome kwa sauti, kwa utaratibu wake. Halafu msimulie nani alikesha na mjukuu wake hospitalini. Inawezekana hajui. Akikasirika, usibishane. Mwambie kwa adabu kwamba video hizo hutazipokea wala kuzipeleka mbele, na ushike neno lako. Hapo hujamvunjia heshima. Ila kunyamaza moja kwa moja, ukishajua haya, sikuruhusu.

Kuhusu mwenzako, usimsimulie video ili yeye akutulize. Huo mzigo si wake. Sikukuu yao ikifika, mtakie heri. Likitokea shambulio mahali, mpigie simu siku hiyo hiyo.