Kabla ya Kutuma Faili, Fikiria Simu ya Mwenyekiti

Juzi msomaji mmoja, kijana anayesaka ajira, aliniandikia: "Dada, CV nimeitengeneza kwenye MacBook ya rafiki yangu, imependeza kweli. Nimeituma, wamenijibu kwamba kiambatisho hakifunguki. Nifanyeje?" Nikamwomba anirushie hilo faili. Kuona jina linaishia na .pages nikacheka, kisha nikamhurumia. Pages ni programu ya Apple, na kompyuta nyingi za maofisini hapa kwetu ni za Windows. Nilimwambia aifungue upya kwenye hiyo MacBook, aende menyu ya File, achague Export To, halafu PDF, aina ya faili inayofunguka karibu kila mahali. Shida yake ilikuwa ni hiyo tu.

Ila ujumbe wake ulinikuta nina furaha, kwa sababu jambo hilohilo ndilo limetoka kunipa kazi.

Nina steshenari hapa Morogoro, ndogo tu. Kamati moja ya harusi ilitaka kadi za mchango na za mwaliko, tukaambiwa watu wawili turushe sampuli kwenye kundi lao la WhatsApp. Mwenzangu ana mashine kubwa kuliko zangu na mkono wake kwenye ubunifu ni mzuri, simnyimi sifa zake. Akarusha faili la Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. Mwenyekiti, mzee mstaafu mwenye Tecno, akaligusa, simu ikamwambia hakuna programu ya kulifungua. Mweka hazina naye vilevile. Mama mmoja akauliza kama kuna bando maalumu la kuangalia kadi. Mimi nikarusha PDF ya ukurasa 1. Wakaifungua wote palepale, hadi shangazi yake bwana harusi aliyeko Muscat akaandika mashallah. Mwenzangu aliporudi hewani kutuma upya, kamati ilishahamia kwenye rangi za sare.

Ndiyo, najidai, na nina haki ya kujidai. Zamani nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ambayo siitaji. Bosi wangu alikuwa akinitania mbele ya wageni kwamba kila kitu kwangu ni PDF, kana kwamba ndiyo shahada niliyosomea. Ripoti akawa anazituma mwenyewe kwa Word, majedwali yanamfikia mfadhili yamevurugika, lawama zinarudi kwa mchapaji. Mchapaji nilikuwa mimi. Mkataba ulipoisha hawakuuongeza. Yaliyofuata mpaka nikapata fremu yangu nayaruka, hayana utamu.

Laiti angeniuliza, ningemweleza kinachotokea. Faili la Word halibebi picha ya ukurasa. Linabeba maneno na maelekezo, na kila kompyuta inaupanga ukurasa upya kwa herufi ilizonazo. Aina ya herufi iitwayo Aptos, ambayo Microsoft waliileta mwaka 2023 ichukue nafasi ya Calibri, haimo kwenye Office za zamani. Ukiandika kwa Aptos nami nikafungua kwa Office 2010, Word inachomeka herufi nyingine, mistari inasogea, sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili peke yake. PDF kwa kawaida husafiri na herufi zake ndani. Adobe waliitoa mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Simu nyingi zinaifungua, na hata kivinjari cha intaneti kinaifungua.

Basi jamani, wewe unayesoma hapa najua unataka ninachotaka mimi: zabuni, wateja wa mbali, ofisi yenye jina lako mlangoni. Kitu cha kusomwa au kuchapwa, tuma PDF. CV, PDF. Ankara, PDF. Barua yenye mhuri, PDF. Nikionekana narudia maneno, mfikirie mwenyekiti na Tecno yake.

Kitu cha kusahihishwa ni habari nyingine. Rasimu ya muhtasari wa kikao tuma docx, yaani faili la Word, na bajeti ambayo mhasibu ataichezea namba tuma Excel, maana kumpa PDF ni kumwambia achape upya. Ukiwa na wasiwasi tuma zote mbili. Na tafadhali, usipige picha skrini ya kompyuta kwa simu ukaiita nakala!

Picha nazo zina visa vyake. Tangu mwaka 2017 iPhone huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, na kompyuta nyingi ninazoletewa zinaikataa. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, chagua Most Compatible, itapiga JPEG, mfumo wa picha uliozoeleka. Ukiniletea cheti kwa WhatsApp, kitume kama dokumenti, kwa sababu kikienda kama picha WhatsApp inakibana na maandishi madogo yanafifia. Kwa barua pepe kumbuka Gmail inaishia MB 25.

Wenzangu wa steshenari, kuna moja linatuhusu sisi hasa. Microsoft wametangaza kwamba Publisher inafika mwisho wake Oktoba 2026. Kadi zote tulizozihifadhi kwa .pub, yaani mafaili ya Publisher, za harusi, mahafali, ubarikio, zigeuzeni PDF mapema wakati programu bado inafunguka, na zile mnazotaka kuendelea kuzirekebisha zijengeni upya kwenye programu nyingine. LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchorea, inayafungua baadhi ya mafaili hayo, lakini mpangilio hauji wote. Mimi nimeanza na kadi za mahafali, kwa kuwa shule hurudi kila mwaka zikitaka ileile ya mwaka jana.