Kikohozi cha Juni: moshi au baridi?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati huku Uyole, Mbeya. Kwa miaka miwili nimeandika kila siku idadi ya watoto wanaoletwa kwa kikohozi, na kando yake kiasi cha vumbi laini kwenye kipimo kilichofungwa nje. Siku za moshi mwingi idadi hupanda, lakini mwenzangu anashikilia kwamba ni baridi tu. Nitawezaje kuvitenganisha?

JIBU: Ndugu muuguzi, hoja ya mwenzako ina uzito. Juni na Julai huko kwenu mvua zimekatika, hewa ya asubuhi imetulia juu ya mji, mkaa unawashwa kila nyumba, na wakati huohuo mafua yanaenea. Kwa hiyo ukilinganisha siku ya Julai na siku ya Februari ya masika, umelinganisha misimu, wala hujapima moshi.

Tumia regresheni ya Poisson, yaani hesabu inayopima mchango wa kila kigezo huku vingine vikishikiliwa palepale, inayofaa idadi za matukio kama watoto 0, 3 au 11 kwa siku. Programu ya R huifanya bila malipo. Ingiza vumbi, halijoto, mwenendo wa msimu na siku ya wiki, ambayo usiidharau, kwani zahanati ikifungwa Jumapili foleni ya Jumatatu hurefuka hata hewa ikiwa safi. Hapo swali linabadilika: kati ya siku zinazokaribiana kwenye kalenda na zenye baridi ileile, je, zile za moshi zilileta watoto wengi zaidi? Jaribu pia vumbi la jana na la juzi, kwa kuwa mtoto haletwi saa ileile aliyovuta moshi. Tuseme kizidishi cha vumbi kimetoka 0.004 kwa kila maikrogramu katika mita ya ujazo. Ongezeko la maikrogramu 10, yaani 0.004 mara 10, litaambatana na watoto takriban asilimia 4 zaidi.

Utafiti wa hewa chafu na vifo katika miji sita ya Marekani, uliochapishwa 1993, haukusumbuliwa na msimu, kwa sababu ulilinganisha miji kwa miaka mingi. Ulichopaswa kutenganisha ni sigara, na baada ya kuizingatia, vifo katika mji uliochafuka zaidi vilizidi vya mji safi zaidi kwa asilimia 26.

Kwako lipo gumu zaidi. Usiku wa baridi jiko la mkaa huingizwa ndani, madirisha hufungwa, na kipimo cha nje hakioni kitu. Sehemu ya kile ambacho hesabu itakiita baridi huenda ni jiko hilo. Ongeza safu moja kwenye daftari lako, umuulize kila mzazi: jana usiku mtoto alilala chumba chenye jiko?