Maswali ya Wafugaji: Kuku wa Mnadani Aja Leo, Aondoka na Banda Zima

Kuku wangu wanakufa, niwape dawa gani? (Pongwe)

Swali hili limenifikia mara nne wiki hii, na mara zote halitaji umri wa kuku, rangi ya kinyesi, wala lini walichanjwa. Mimi sipigi ramli. Andika upya.

Nilinunua matetea watatu mnadani nikawachanganya na wangu. Siku ya tano kuku wamezubaa, kinyesi kijani, shingo zinapinda. Nimewapa OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki), wapi! Bata wao wazima kabisa. Jirani yangu ana husuda, je, ni yeye? (Muheza)

Jirani mwache. Dalili hizo ni za kideri, wengine huita mdondo, nacho huletwa na kirusi. OTC ni ya bakteria. Hata ukiwanywesha ndoo nzima unapoteza fedha tu. Na bata asikudanganye, anaweza kubeba kirusi hicho huku anatamba uani.

Tanga, waja leo waondoka leo. Kuku wa mnadani naye ndivyo alivyo, ila huyu haondoki peke yake. Mgeni atengwe wiki mbili hadi tatu, mbali na banda, na ahudumiwe mwisho, wenyeji wakishakula. Nimeliandika hili hadi naona haya, na bado watu wanatafuta chanjo wakiwa wameshika mzoga. Chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku mzima. Aliyekwisha ugua haimponyi. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo changa fedha na huyo huyo jirani unayemshuku.

Mwite ofisa mifugo wa kata athibitishe, maana mafua makali ya ndege nayo hufanana na hayo. Mizoga usiishike kwa mikono mitupu. Choma au fukia. Waliobaki usiwakimbize sokoni kwa bei ya kutupa. Unadhani aliyekuuzia wewe alifanya nini?

Mbuzi wanaingia bandani kula chakula cha kuku. Kuna ubaya? (Pangani)

Upo. Mahindi yaliyosagwa na pumba, mbuzi akivimbiwa navyo, huchacha tumboni. Asidi hupanda, tumbo hujaa, anasaga meno, na asubuhi unaweza kumkuta amekufa. Chakula kiwe ndani, na mlango uwe tundu la kupita kuku tu. Mwenye punda awe macho zaidi: chakula cha kuku kilichotiwa monensini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), humuua punda hata kwa kiasi kidogo.

Bata mzinga na kuku walale banda moja? (Makorora)

Hapana. Kuku hubeba kimelea kinachojificha ndani ya mayai ya minyoo. Yeye mara nyingi haonekani kuumwa, bata mzinga anaoza ini. Mayai hayo hudumu udongoni miaka, basi usidhani ukiwahamisha kuku leo uwanja umetakata kesho.

Koo amelalia mayai yake na ya bata pamoja, yake yameanguliwa, ya bata bado. Yameharibika? (Mkinga)

Si lazima. Kuku ni siku 21, bata wetu hawa wenye uso mwekundu ni 35. Koo akishapata vifaranga huondoka kiotani, kwa hiyo hamishia ya bata kwa koo mwingine anayelalia, upesi. Safari nyingine ya bata yatangulie siku 14.

Lakini hayo mayai ya bata umeyatoa wapi?