Kona ya Gemu: Mkuki umewakosea nini watengeneza gemu?

Shikamoo kaka wa Kona ya Gemu. Nimecheza Skyrim kwenye kompyuta ya binamu yangu, nimeutafuta mkuki kila pango na kila duka la mhunzi, hamna. Panga zipo za kumwaga. Sisi huku mababu wamepigana na mikuki, sasa hawa jamaa mkuki umewakosea nini? – Mchoma Mkuki, Isevya, Tabora

Marahaba mdogo wangu, usiendelee kujitesa kwenye mapango. Skyrim ilipotoka 2011 haikuwa na mkuki wa kupigania, ukiona mchezaji anaushika ujue kuna mtu kauweka kwa modi, yaani nyongeza za mashabiki. Na cha kuuma zaidi ni kwamba kampuni hiyo hiyo ya Bethesda, kwenye Morrowind ya 2002, mkuki ilikuwa nao tena una ujuzi wake peke yake, unapanda levo kwa mkuki tu. Kulikuwa na ujuzi wa panga ndefu, wa visu vifupi, wa shoka, wa rungu, wa mkuki, wa kurusha na kulenga. Ikaja Oblivion 2006 wakafyeka, panga na visu vikawa kundi moja, mkuki kwaheri, halafu shoka wakalitupia kundi moja na rungu eti vifaa butu, mpaka leo sijui ni nani alikaa akaona shoka ni butu. Skyrim ndo wakamaliza kabisa, silaha ya mkono mmoja, ya mikono miwili, upinde, basi.

Sababu ninavyoiona mimi iko kwenye namna pigo linavyohesabiwa. Morrowind ilikuwa inatupa bahati nasibu kimya kimya, unamchoma mtu unaona kabisa mkuki umepita tumboni halafu gemu linakwambia umekosa, maana kete ndo zimekataa. Kwa mfumo huo mkuki ni rahisi kuuweka, ni namba tu na picha. Kuanzia Oblivion ikawa silaha ikigusa mwili basi imepata, hapo ndo kazi ilipo. Upanga unafyeka upande kwa upande, unasamehe hata ukilenga vibaya, ila mkuki unakwenda mstari mmoja mwembamba, adui akisogea kidogo tu umechoma hewa, na mchezaji atalaumu gemu sio mkono wake. Juu ya hapo kila silaha mpya inataka animesheni zake, ya kutembea nayo, kukimbia, kukinga, kupigwa ukiwa umeishika, na maadui nao wafundishwe kuitumia. Panga za Skyrim zipo za chuma, za kioo, za ebony, mpaka za Daedra, lakini angalia mkono wa mchezaji, unazunguka vile vile. Wamebadilisha rangi na dameji. Huo kwangu sio wingi wa silaha, ni wingi wa mapambo.

Ukitaka kuona mkuki umepewa heshima yake tafuta Elden Ring ya 2022 ya FromSoftware. Pale unasimama nyuma ya ngao unadunga bila kuishusha, na ukimchoma adui akiwa katikati ya shambulio lake anaumia zaidi, kwa hiyo mkuki unakufundisha kusubiri. Silaha zimezidi 300, nyingi zinafanana ndio, lakini ukihama kutoka mkuki kwenda shoka kubwa inabidi ujifunze upya umbali na muda. Ila mimi binafsi nawakubali zaidi kwa Bloodborne ya 2015, wao wao FromSoftware, silaha 26 tu ukiacha bunduki na ukijumlisha na nyongeza yake, na karibu kila moja inageuka mkononi kuwa silaha nyingine, fimbo inakuwa mjeledi katikati ya pigo. Ishirini na sita hizo nazikumbuka moja moja, za Skyrim nakumbuka rangi.

Kaka habari za kazi. Mimi Zelda imenishinda, Breath of the Wild, kila nikipata silaha nzuri inavunjika. Wametuona wajinga? – Mwenye Hasira, Mwanga, Kigoma

Pole ndugu, hasira zako zina wenzake wengi. Walitaka usigande na upanga mmoja kuanzia mwanzo mpaka bosi wa mwisho, silaha ikivunjika unalazimika kuokota rungu la adui na kujaribu. Tatizo ni kwamba watu wengi wanafanya ulichofanya wewe (nabahatisha), wanaficha zile nzuri kwenye begi wanapigana na vijiti. Usifiche. Ikianza kukuonya kwamba iko karibu kufa mrushie adui usoni, pigo la kuvunjikia linauma mara mbili. Ule upanga maalumu, Master Sword, hauvunjiki, unaishiwa nguvu tu unausubiri dakika 10.

Kaka shikamoo. Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu letu na Godot, ile programu ya kutengenezea gemu, la kifantasia lakini mambo ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na vita vya 1871 na Waarabu wa Tabora. Tumeshachora silaha 40. Tunaomba ushauri tuanze na zipi? – Vijana wa Ujiji

Marahaba vijana, aisee hii ndo barua niliyokuwa naisubiri. Arobaini wekeni kabatini. Anzeni na tatu, mkuki, upinde na gobore, na kila moja impe mchezaji swali lake.

Gobore ndo hazina yenu na gemu za Ulaya hawana akili ya kulitumia hivi. Linashindiliwa kwa mdomo, baruti, kizibo, risasi, unasukuma na fimbo, sasa mchezaji akishapiga mara moja ana sekunde nyingi yuko uchi na adui anakimbia kuja, ajaze tena au alitupe ashike mkuki? Hapo hapo mmepata pigano. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walikuwa na bunduki na mikuki pamoja, hamdanganyi mtu. Halafu mvua, huku kwetu inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili, baruti ikilowa bunduki haitoki, upinde nao uzi unalegea, mkuki haujali. Msimu mmoja tu unabadilisha silaha zote na hamjachora kitu kipya.

Na baruti isiokotwe ovyo kwenye mitungi. Ilikuwa inapanda na misafara kutoka pwani, na ile vita yenyewe kiini chake ni nani anashika njia na nani anatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Mkiweka kwamba mchezaji akipoteza njia baruti inaanza kuisha, anarudi kwenye mkuki na upinde bila nyie kumlazimisha, wala hamhitaji kuvunja vunja silaha kama Zelda.

Panga na majambia wapeni maadui, wale wafanyabiashara wa Kiarabu, ili mchezaji mwenye mkuki ajifunze kumweka mtu mbali. Mkuki wenyewe unenesheni kidogo kwenye hesabu, yaani sehemu ya kugusa iwe pana kuliko picha inayoonekana, hakuna atakayejua ila kila mtu atasema gemu lenu linapiga vizuri. Mbinu hii inaufaa mkuki sana, nashangaa kwa nini wengine waliona bora kuufuta.

Kabla ya kuchora hata jani, tengenezeni mabox mawili ya kijivu yawe wapiganaji wa majaribio, moja lina mkuki moja lina gobore, wapeni watu wa mtaani pedi wapigane. Wakianza kubishana nani mwoga nyie endeleeni, wakirudisha pedi kimya kimya rudini kwenye sekunde za kujaza bunduki.