Re: Zermatt mwishoni mwa Septemba, jaketi moja litatosha?

Mkuu halitoshi, tena nakusihi usipige hesabu kwa joto la huku Mwanza. Sisi tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari ila ikweta iko jirani ndo maana tunashinda na tisheti, sasa Zermatt, kule milima ya Alps Uswisi, kijiji chenyewe kipo kama mita 1,600 na treni ya kwenda kilele cha Gornergrat inakupandisha mpaka karibu 3,100, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 hivi, kwa hiyo mnaweza kuondoka na jua chini mkafika juu mnakuta theluji inadondoka. Kule hali inageuka ghafla sana. Vaa nguo juu ya nguo, fulana nyepesi, sweta la sufi, halafu koti lisilopitisha maji wala upepo. Jinzi achana nayo kabisa, ikilowa haikauki leo wala kesho na baridi inakuganda mwilini. Pita soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza asubuhi mabelo ya mitumba yakifunguliwa, makoti ya baridi unayapata. Viatu ndo usibanie hela, chukua vyenye soli ya kung'ata, mawe yakilowa yanateleza vibaya mno. Na kila asubuhi kabla hujakata tiketi angalia kamera za mlimani mtandaoni, kukiwa na mawingu tupu subiri kesho yake.