Mwanangu, huo si mshubiri

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Picha imefika. Umeuliza kama mmea ulionunua huko Nairobi kando ya barabara, usio na kibandiko wala jina, ni mshubiri mchanga, na kama unaweza kuukata ujipake usoni. Usiukate. Kwa nionavyo si mshubiri, ingawa ni wa ukoo mmoja nao.

Tazama kingo za jani. Mshubiri huwa na vimeno pembeni hata ungali mdogo. Kingo za wako ni laini, na mgongoni mwa jani mna vidutu vyeupe vilivyojipanga kwa mistari ya kukingama. Hiyo ni hawothia, ya Afrika Kusini. Sasa pitisha kidole upande wa ndani wa jani, ule picha haikuuonyesha. Ukigusa vidutu huko pia, ni Haworthiopsis attenuata, ambayo ndiyo iliyojaa kwa wauzaji. Ukikuta pako laini, ni ndugu yake Haworthiopsis fasciata, adimu zaidi, ingawa jina lake hubandikwa zote mbili. Vitabu vya kabla ya 2013 vitakuandikia Haworthia tu. Usibabaike, ni hizo hizo.

Rangi iache kando. Jua kali huugeuza mmea huo kuwa mwekundu-mwekundu, kivuli huurudishia kijani. Anayetambua mmea kwa rangi peke yake mshukuru, kisha endelea na shughuli zako.

Upo mshubiri mdogo wa papa hapa Kenya, Aloe juvenna, wenye madoa meupe, nao watu huuchanganya sana na hawothia. Lakini huo una meno. Shaka ikibaki, ngoja maua. Hawothia hutoa kikonyo kirefu chembamba chenye vijiua vyeupe vya midomo miwili. Maua ya mishubiri mingi ni vibomba vyekundu, vya machungwa au vya manjano, ndiyo maana ndege chozi hawabanduki kwenye ule wa nyanyako pale uani.

Kuhusu kujipaka: mmea usioujua haupakwi. Mimea ya jamii ya yuforbia, ambayo mingine husadifu kufanana na hii, ina utomvu mweupe unaochoma ngozi na kudhuru macho. Hata mshubiri wenyewe, yale maji machungu ya manjano yaliyo chini ya ganda, yale yaliyokuachisha wewe ziwa, huwawasha wengine.

Uweke dirishani penye mwanga, si kwenye jua la adhuhuri. Maji ni mpaka udongo ukauke. Na usiupange ukutani kwa pambo: vidaka vyetu, vile vishubaka vya ukutani hapa mtaani Langoni, Amu, ni vya vyombo, mmea humo hurefuka kutafuta mwanga ukaharibika umbo.

Nijibu kuhusu upande wa ndani wa jani. Vichipukizi vikitoka shinani, nibandulie kimoja, umpe mjomba wako atakapokuja Amu.

Babako